Jinsi ya kusafisha, kutambua na kusoma alama za sarafu ndogo za shaba za Roma

Ukishika kisarafu cha shaba cha Roma ya karne ya 4, upana wake milimita 17 na uzito usiofika gramu 3, jicho hukimbilia picha ya mgongoni: askari wawili, mbwamwitu jike anayenyonyesha, mwanamke mwenye mabawa. Mtu hutaka kujua papo hapo picha ile inasema nini. Swali hilo liwe la mwisho. Picha ileile iliweza kupigwa chini ya watawala wa imani tofauti, na mabadiliko yanayoonekana kubeba siri nzito mara nyingine yalitokana tu na sarafu kupunguzwa uzito. Kwa hiyo tutaanza na usafi, tuende kwenye kipimo, kisha mahali ilipopigwa, kisha mwaka, ndipo tuguse maana.

Katika maelezo haya, upande wenye kichwa cha mtawala tutauita uso, na upande wa pili mgongo. Mgongoni, chini kabisa, mara nyingi pana mstari wa kulala. Herufi zilizo chini ya mstari huo ni za kiwanda kilichopiga sarafu.

Vifaa

Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia upana), lenzi ya kukuza mara 10, taa ya mezani yenye shingo inayopinda, mswaki laini kabisa, vijiti vya meno vya mbao, na vichupa vya glasi vyenye vifuniko, kimoja kwa kila sarafu. Usiloweke sarafu kumi katika bakuli moja: yenye chumvi itazichafulia nyingine.

Maji yawe yaliyotakaswa. Ya bomba yana klorini, na ya visima vya pwani yana chumvi, na vyote viwili huiumiza shaba. Vituo vya mafuta huuza maji yaliyotakaswa ya kuongezea betri za gari, lakini soma lebo kwa makini, kwa sababu jina "maji ya betri" hutumika pia kwa asidi, na asidi itaimaliza sarafu na kukuunguza mikono.

Kusafisha

Kabla ya tone la kwanza la maji, pima upana na uzito, piga picha pande zote mbili, andika. Sarafu ikiharibika mkononi mwako, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayobaki.

Weka sarafu katika mililita 100 za maji. Badilisha maji kila siku kwa siku tatu za mwanzo, halafu kila baada ya siku tatu au nne, kwa wiki mbili hadi nne. Kila unapobadilisha, isugue polepole kwa mswaki uliolowa. Udongo ukilainika, tumia kijiti cha mbao kilicholowa: anzia uwanja mtupu wa sarafu, ukisogea kuelekea herufi, na ukifika kando ya herufi vuta uchafu utoke nje, usiukandamize ndani.

Jambo linaloharibu sarafu nyingi kuliko yote ni kudhani kwamba chini ya rangi ya kijani au ya kahawia kuna sarafu "halisi" inayosubiri kung'arishwa. Haipo. Kwa muda wa miaka 1,700 ngozi ya juu ya shaba imegeuka kuwa tabaka gumu, na herufi, nywele za mtawala na mikunjo ya nguo vimo ndani ya tabaka hilo. Ukiling'oa unabaki na kidonge cha shaba chenye vishimo. Ndiyo maana ndimu, ukwaju, siki na soda, vinavyong'arisha vizuri sinia na mabirika nyumbani, visikaribie sarafu hizi. Steelwire na msasa vivyo hivyo. Wako wanaoloweka katika mafuta ya zeituni kwa miezi. Mafuta nayo yana asidi, inayotafuna polepole, na baadaye ni kazi kuyatoa.

Ukiona utando wa kijivu unaong'aa kidogo, acha papo hapo. Sarafu nyingi za mwanzo wa karne ya 4 zilipakwa fedha nyembamba sana, na mabaki yake hutoka kwa mswaki.

Wakati wa kusimama ni pale picha na herufi zinaposomeka. Udongo kidogo uliobaki kwenye vibonde hauna ubaya. Husaidia hata kuzitokeza herufi.

Ugonjwa wa shaba

Kutu tulivu ni ngumu na haitoki kwa kijiti. Unga laini wa kijani mpauko, unaotoka ukiuchokoa na kurudi baada ya siku chache, ni ugonjwa. Kloridi (chumvi) kutoka ardhini imejificha chini ya ngozi ya sarafu. Ikipata unyevu na hewa hutoa asidi, asidi inakula shaba nzima, shaba iliyoliwa inatengeneza kloridi nyingine, na mzunguko unaendelea mpaka sarafu iwe unga. Ukiwa na shaka, weka sarafu katika kichupa kilichofungwa pamoja na pamba iliyolowa maji yaliyotakaswa, visigusane, kwa siku moja au mbili. Unga ukichomoza, jibu umelipata.

Chokoa unga wote chini ya lenzi, kisha loweka sarafu katika myeyusho wa sodiamu seskwikabonati, gramu 50 kwa lita ya maji yaliyotakaswa. Badilisha kila wiki. Wiki sita ni jambo la kawaida, na miezi mitatu si ajabu. Baada ya hapo suuza kwa maji mapya mara nne au tano kwa siku kadhaa, itumbukize katika asetoni safi dakika kumi ili ivute maji yaliyobaki (ile ya kufutia rangi ya kucha haifai, huwa imetiwa mafuta na manukato), ikaushe chini ya taa yenye joto, kisha paka nta laini ya makumbusho, safu nyembamba.

Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya kiini chake ni kemikali hiyohiyo, kwa hiyo mtu anaweza kushawishika kununua ya sokoni. Asinunue. Magadi ya sokoni yana chumvi, na chumvi ndiyo kloridi tunayohangaika kuitoa. Nunua iliyosafishwa katika duka la kemikali za maabara.

Mwanga

Zima taa ya dari. Weka taa moja upande wa juu kushoto, iinamishe karibu na meza kiasi kwamba mwanga unapita juu ya sarafu kwa mlalo. Zungusha sarafu polepole, taa isiondoke mahali pake. Herufi iliyokufa mwanga wa mchana hufufuka kwenye pembe moja tu. Mwanga usitoke upande wa chini yako, kwa sababu macho yatadanganyika: vilivyoinuka vitaonekana vimezama. Kwa picha ya simu, kaa sentimita 15 hadi 20 juu na ukuze mara 2, la sivyo kivuli cha simu kitafunika sarafu.

Kutambua: anza na kisichodanganya

Uzito na upana kwanza. Mnamo 294 mtawala Diocletianus alitoa sarafu mpya ya shaba yenye fedha kidogo, uzito wa gramu 10 hivi. Kisha ikapungua: karibu gramu 3.3 kufikia 313, gramu 2.5 hivi mwaka 330, gramu 1.7 hivi kuanzia 335. Mwaka 348 serikali ilijaribu tena kwa sarafu kubwa ya gramu 5 na zaidi, nayo ikadidimia ndani ya miaka michache. Kufikia mwisho wa karne, iliyojaa mikononi mwa watu ilikuwa ya milimita 13 na gramu 1 hivi. Wakusanyaji hugawa shaba hizi kwa upana (AE ni kifupi cha aes, shaba kwa Kilatini): AE1 zaidi ya milimita 25, AE2 kati ya 21 na 25, AE3 kati ya 17 na 21, AE4 chini ya 17. Uzito wa sarafu mojamoja hupanda na kushuka, basi uchukulie kama fununu ya tarehe. Hukumu utaitoa baadaye.

Pili, kichwani amevaa nini. Taji la miale kwa kawaida hukurudisha karne ya 3 au miaka ya kwanza baada ya mageuzi ya 294. Shada la majani huvaliwa na watawala wakuu, wenye cheo cha Augustus, hadi 324 hivi. Baada ya hapo wao huvaa utepe wa kifalme, aghalabu wa lulu. Hapa wengi hukosea: warithi wenye cheo cha Kaisari waliendelea kuvaa majani hata baada ya 324, kwa hiyo majani peke yake hayatoshi kuipa sarafu umri mkubwa. Kichwa kitupu kwenye sarafu ya miaka ya 350 kwa kawaida ni Constantius Gallus au Julianus akiwa bado Kaisari, la sivyo ni mwasi Magnentius au mrithi wake Decentius.

Tatu, herufi za chini ya mstari. SM ni kifupi cha Sacra Moneta, kiwanda kitakatifu cha mfalme. Baada yake, au bila yake, huja jina la mji:

- Magharibi: LON (London, kiwanda chake kilifungwa mwaka 325), TR (Trier), LG au LVG (Lyon), ARL (Arles), AQ (Aquileia), R (Roma)
- Kati: SIS (Siscia), SIRM (Sirmium), TS (Thessalonica)
- Mashariki: H (Heraclea), N (Nicomedia), K (Cyzicus), CONS (Constantinopolis), ANT au AN (Antiochia), ALE au AL (Alexandria)

Herufi moja inayobaki ni ya karakana ndani ya kiwanda. Magharibi walitumia P, S, T, Q, yaani ya kwanza hadi ya nne. Mashariki walihesabu kwa herufi za Kigiriki A, B, Γ, Δ na kuendelea. SMKA basi ni Cyzicus, karakana ya kwanza. Mtego uko kwenye CONS. Mji wa Arles ulipewa jina la Constantina mwaka 328, nao ukaanza kuandika CONST. Tazama herufi ya karakana: ikitangulia, kama PCONST, ni Arles, ikifuata, kama CONSA, ni Constantinopolis.

Maandishi ya ukingoni yawe ya mwisho kusomwa, kwani mara nyingi kipande cha shaba kilikuwa kidogo kuliko chapa na nusu ya maneno haikuingia kabisa. Upande wa uso huanza chini kushoto, karibu na saa saba, yakizunguka kama mshale wa saa. U huandikwa V. D N ni Dominus Noster, Bwana Wetu. P F ni Pius Felix, mcha Mungu na mwenye heri. NOB C ni Kaisari mtukufu. AVG ni Augustus. Ndugu na baba wa ukoo wa mtawala Constantinus hutenganishwa na mkia wa jina: baada ya CONSTAN, je, yapo TINVS, TIVS au S peke yake? IVN ni kijana, Constantinus wa pili. Palipo na VALEN, hesabu nafasi iliyobaki: Valens huisha upesi, Valentinianus hujaza ukingo.

Sasa alama

Askari wawili wenye maneno GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, huenda ndiyo sarafu ya kwanza utakayokutana nayo. Kuanzia 330 kati yao pana bendera mbili za kijeshi. Kuanzia 335 ipo moja. Kuna wanaotafuta siri katika bendera iliyopotea, kana kwamba majeshi yameunganishwa. Irudie mizani: uzito umeshuka kutoka gramu 2.5 hadi 1.7, uwanja umekuwa mwembamba, nafasi ya bendera ya pili haipo. Mfano huu uwe karibu nawe kila unapotaka kufasiri.

Mungu jua, Sol, mwenye miale kichwani, mkono wa kulia juu na tufe mkono wa kushoto, huja na SOLI INVICTO COMITI, kwa Jua lisiloshindwa, mwandani wa mfalme. Constantinus alimpiga kwa wingi kuanzia 310 hivi hadi 318 hivi, yaani miaka kadhaa baada ya ushindi wake wa 312 kwenye daraja la Milvius unaohusishwa na kugeukia kwake Ukristo. Mwenzake wa mashariki, Licinius, alimshikilia Jupita: IOVI CONSERVATORI, tai akiwa miguuni mwa mungu. Katika miaka hiyo, kumtambua mungu ni kutambua pia kambi ya kisiasa, ingawa viwanda vya kila upande vilimpigia sarafu na mtawala wa upande wa pili.

Lango lenye minara na nyota katikati, PROVIDENTIAE AVGG (ya Augusti) au CAESS (ya Makaisari), ni la miaka ya 324 hadi 330 kwa sehemu kubwa. Ni ulinzi wa mtawala juu ya mipaka. Hesabu safu za matofali na minara, kwani huhitajika kwenye katalogi, lakini usizipe maana ya kiroho.

Mwaka 330 mji mpya wa Constantinopolis ulizinduliwa, na sarafu mbili zikatolewa kama pacha. VRBS ROMA inamwonyesha Roma mwenye kofia ya chuma, na mgongoni bila neno lolote yupo mbwamwitu akiwanyonyesha Romulus na Remus, nyota mbili juu. CONSTANTINOPOLIS ina mwanamke mwenye kofia na fimbo ya enzi, na mgongoni Victoria, ushindi wenye mabawa, amesimama juu ya omo ya jahazi. Ziweke pamoja: mji mzee una hadithi ya asili yake, mji mpya una bahari na ushindi. Hizi ni kauli za serikali zilizopangwa vizuri sana, na zilifika kwenye mikono ya wauza mboga wa Misri na askari wa mto Rhein.

FEL TEMP REPARATIO, kurudi kwa nyakati za heri, ilianza 348. Wazo moja lilipewa picha nyingi: feniksi, ndege anayezaliwa upya kutoka motoni, mtawala juu ya merikebu inayoongozwa na Victoria, askari anayemtoa mtu mdogo kibandani chini ya mti, na ile iliyoshinda zote kwa wingi, askari anayemchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka. Chunguza mpanda farasi kwa lenzi, maana mkao wake huamua aina: amenyoosha mkono nyuma, amekumbatia shingo ya farasi, ameketi chini au amepiga magoti. Ndevu na kofia yake mara nyingi humwonyesha kuwa adui wa mashariki, wakati mtawala Constantius II alipokuwa akipigana na Shapur II wa Uajemi.

Alama za Kikristo ziliingia kidogokidogo. Herufi za Kigiriki Ki na Ro zilizounganishwa, mwanzo wa jina la Kristo, huonekana kwanza zikiwa ndogo, mahali pa pembeni. Mwasi Magnentius (350–353) alizijaza mgongo mzima, na Alfa na Omega ubavuni. Linganisha na ufalme wa kale wa Aksum, upande wetu wa Afrika: mfalme Ezana, wa karne hiyohiyo, aliweka msalaba mahali palepale palipokuwa na mwezi na duara la kale. Roma haikufanya badiliko la wazi hivyo. Mwaka 382 mtawala Gratianus aliamuru madhabahu ya Victoria iondolewe katika jumba la seneti, lakini kwenye shaba Victoria hakuondoka. Katika SALVS REIPVBLICAE, usalama wa dola, za mtawala Theodosius na wanawe, milimita 13, yumo akitembea na ngawira begani, akimburuta mateka, na ubavuni mwake Ki-Ro. Mungu wa kike wa jana amekuwa mtumishi wa ushindi wa Mkristo.

Tahadhari ya mwisho juu ya alama: nyota, hilali, nukta, shada dogo na hata misalaba midogo inayoelea uwanjani au chini ya mstari mara nyingi ni alama za hesabu za kiwanda, za kutofautisha toleo moja na lingine. VOT na namba ndani ya shada, kama VOT X MVLT XX, ni nadhiri za miaka 10 na matumaini ya 20. Usizichukue kuwa umri halisi wa utawala, kwa sababu nadhiri ziliwekwa mapema.

Mfano mmoja hadi mwisho

Sarafu ina milimita 17.5 na gramu 2.38. Kichwa kina majani. Mgongoni askari wawili na bendera mbili, chini SMTS na herufi ya mwisho imekufa. Usoni yanasomeka NVS IVN N. Uzito na bendera mbili vinatoa 330 hadi 335. TS ni Thessalonica. NVS IVN ni Constantinus II. N ni mwanzo wa NOB C, Kaisari, na hilo linaeleza kwa nini bado amevaa majani. Andika: "Constantinus II Kaisari, GLORIA EXERCITVS bendera mbili, Thessalonica, karakana haisomeki, 330–335." Namba kamili itafute katika katalogi ya Roman Imperial Coinage, juzuu VII kwa 313–337, VIII kwa 337–364, IX kwa 364–395, tovuti ya OCRE ya American Numismatic Society inakuruhusu kutafuta bure kwa kuandika vipande vya maneno ulivyosoma.

Kununua na kuhifadhi

Shaba za kawaida hazighushiwi sana kwa kuwa bei yake ni ndogo. Adimu ndizo za kuogopa, kama SPES PVBLICA ya Constantinus yenye bendera inayomchoma nyoka. Tafuta mshono ukingoni, vitundu vya hewa, na herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika: hizo ni dalili za kumiminwa katika kalibu, ilhali za kweli zilipigwa kwa nyundo. Dai karatasi ya asili yake. Nchi nyingi za Mediterania na Balkani zinakataza kuzitoa bila kibali, na kifurushi chenye udongo mbichi kutoka huko ni cha kukataa. Sheria hiyo ipo kwetu pia: sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinazookotwa kwenye magofu ni mali ya kale, haziuzwi wala kusafirishwa bila kibali, peleka taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale.

Katika Dar es Salaam, Mombasa au Unguja unyevu wa hewa hupita kwa mbali asilimia 40, kiwango ambacho sarafu yenye kloridi hupaswa kukaa chini yake. Tumia sanduku la plastiki la chakula lenye mpira kifunikoni, vipakiti vya silika jeli ndani, na kipimo kidogo cha unyevu. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa joto dogo na kuirudisha. Epuka bahasha za PVC zinazonuka plastiki, na droo za mbao za mwaloni. Zote hutoa asidi. Kila sarafu iwe na kadi yake: upana, uzito, uelekeo wa mgongo ukilinganisha na uso kwa saa (6 au 12), ulichosoma kama kilivyo, na ulichokisia katika mabano.

Zile zisizosomeka usizitupe wala usizisugue zaidi. Andika "AE4, milimita 12, gramu 0.94, Victoria akitembea kushoto, 383–402?" na uziweke. Ukishasoma hamsini za aina yake, mkunjo wa bawa au mguu wa mateka utatosha kukupa jibu.